Foni ya Patron Gaston Haijibiwi

Kamina

Yaya Monique, dada yangu mpenzi,

Nakusalimu sana, wewe na wote walio chini ya paa lako. Mgongo unaendeleaje? Ule uchungu ulionieleza kwenye simu umepungua, ama ungali unalala kwa ubavu mmoja? Watoto wanasoma? Na Mama anakula sasa, ama bado anasukuma sahani na kusema ameshiba? Mimi niko mzima. Mvua imetuzidi huku, kila nikitoka nyumbani narudi na matope hadi magotini, lakini niko mzima na kazi ipo.

Barua hii nimempa dereva wa lori anayeshuka Likasi. Nimemwambia aiweke mkononi mwako, si mkononi mwa mtoto. Simu sikuitaka: inakatika, na nyumba nzima inasikiliza. Kaa chini, yaya, uisome yote, na uimalize kabla treni ya kutoka huku haijaingia.

Ni juu ya kifo cha bwana yako.

Siku ya matanga nilikuambia kwamba gari lilipinduka kwenye njia ya Mulongo na msaada ukachelewa. Ni kweli, lakini si kweli yote. Kaka zetu wawili walikuwa wameketi pale wamenyamaza, na wewe unajua wakinyamaza inakuwa nini. Wangepanda treni na panga, na leo ungekuwa unawapelekea ugali gerezani. Basi nikajiambia: hii nitaibeba mwenyewe, na nitailipiza mwenyewe, pole pole.

Unajua vile bwana yako, shemeki Ferdinand, alivyopenda foni, ile redio ya kusemezana hewani. Ulimgombeza siku alipokamata kamba yako ya nguo akaifanya antena, nguo za watoto zikabaki kwenye ndoo. Aliponiita Kamina tufanye kazi kwa patron Gaston, tajiri mwenye jeep mbili za kuleta samaki kutoka Mulongo, jambo la kwanza alilofanya ni kutia foni katika zile jeep. Alichukua bomba la maji la plastiki, akalizungushia waya wa shaba, akalisimamisha nyuma juu ya bampa na kulifunga kwa kamba ili matawi yasilivunje. Betri ya pili aliiweka nyuma ya kiti. Patron alizitaka foni kwa ajili ya biashara. Ferdinand alizitaka kwa furaha ya kusikia sauti ya mtu katikati ya pori, mahali ambapo simu ni kitu cha kutazamia saa tu.

Huko hewani tulipata marafiki. Yupo Mwalimu Ezekiel, mzee wa Kimetodisti aliyestaafu hapa Kamina, ambaye foni yake iko mezani karibu na Biblia. Yupo Mama Ngoie, muuza samaki wa Mulongo. Yeye foni yake iko ndani ya jeep ya marehemu bwana yake. Ile jeep haina tena magurudumu, kuku wanalala chini yake, lakini Mama Ngoie anaketi kwenye usukani, anashika mikro ya kusemea, na sauti yake inafika Kamina kama amesimama mlangoni. Hawa na wengine wachache walikuwa wanasalimiana kila siku jua likianza kulegea. Nani amelima, nani amezaa, mto gani umejaa, daraja gani limeondoka. Hakuna aliyelipwa. Ferdinand alikuwa anasema hilo njo kanisa lake la pili.

Siku ile patron alikuwa mbele na dereva wake, amebeba samaki wabichi kwenye barafu. Sisi tulikuwa nyuma yao, Ferdinand kwenye usukani. Kwenye daraja moja la magogo, gogo moja lilizunguka chini ya gurudumu. Jeep ikalala upande wake yeye. Mimi nilitoka kwa dirisha bila hata mkwaruzo. Yeye alibanwa kifuani.

Foni haikuharibika. Nikashika mikro, nikaita. Patron akajibu mara moja.

“Ni minyi, Gaston, nakusikia bien. Kuko nini?”

Nikamwambia: gari limepinduka, Ferdinand amebanwa, rudi na kamba, tumpeleke hospitali.

“Ngoja kidogo,” akasema.

Yaya, kile kifungo cha mikro yake kilikuwa na ugonjwa wa kunata. Ukikifinya, wakati mwingine hakirudi. Ferdinand alikuwa amemwambia akibadilishe. Basi patron alidhani amekata, na kumbe hakukata. Nikasikia mlio wa injini yake, kisha sauti yake akimwambia dereva: “Tukirudia kule, samaki yote itaoza. Wende tu. Bantu ba village batabasaidia. Zima ile kintu.”

Kisha kimya.

Niliita mpaka sauti ikaniisha. Ferdinand alikuwa amesikia yote, sauti ilitoka pale pale juu ya kichwa chake. Akaniambia, “Acha, Kabwe. Amezima.” Hakutukana. Unamjua, hakuwa mtu wa kutukana.

Wanakijiji walikuja na kamba, wakamtoa, wakamlaza juu ya baiskeli na kumsukuma kwenye matope kuelekea zahanati. Aliomba maji. Alitaja jina lako, akataja la mtoto wenu wa mwisho. Hatukufika.

Kesho yake patron alikuja na uso wa msiba. “Foni yangu ilikufa kwa njia, muntu yangu. Ningejua, ningerudia mbio.” Na ulimwona mwenyewe, yaya, vile alivyoshika sanduku mbele, vile alivyokukumbatia mbele ya kwaya. Wewe ulimshukuru. Nilisimama nyuma yako, nikauma ulimi hadi nikasikia damu.

Niliacha kazi yake. Sasa naendesha jeep ya watu wa kuuza mbegu, na ndani nimetia foni ya Ferdinand, ile tuliyoitoa kwenye gari lililopinduka. Nilipomweleza Mwalimu Ezekiel, aliniuliza kama nina shahidi. Sikuwa naye. Lakini Mama Ngoie alipopanda Kamina na samaki wake, alinitafuta mpaka nyumbani, akakataa hata kukaa.

“Minyi nilikuwa ndani ya jeep yangu siku ile,” akasema. “Nilisikia. ‘Zima ile kintu.’ Nilikuita, lakini sauti yako ilikuwa juu ya yangu. Tangu siku ile silale muzuri.”

Nikampeleka kwa Mwalimu. Mzee akavua miwani, akaifuta na shati, akaifuta tena. Mimi nilisema: basi, huyu mtu hewani amekufa. Hata akiita anakufa, mtu asimjibu.

“Hapana,” akasema Mwalimu. “Muntu akiita juu ya uzima wake, tunamujibu, hata kama ni shetani mwenyewe. Tukiacha ile, tunakuwa sawasawa na yeye. Lakini juu ya bei ya samaki, juu ya njia, juu ya bonjour? Pale hakuna sheria ya Mungu ya kunilazimisha.”

Nikakubali. Niliomba jambo moja tu: Gaston asiambiwe kamwe kwamba akiwa hatarini atajibiwa. Mwalimu hakulipenda, lakini hakunikataza.

Habari ikapita kwa wote wenye foni kwenye ile njia. Tukaanza.

Yaya, sitakudanganya, nilifurahi. Jioni patron anaita: “Mulongo, Mulongo, minyi Gaston, munanisikia?” Kimya. Anaita tena. Kimya. Anaita kwa Kiluba, kwa Kifaransa, anaita kwa adabu, anaita kwa hasira. Akimaliza tu, Mama Ngoie anaingia: “Bonjour Kamina, watoto beko muzuri?” Nami najibu, “Beko muzuri, mama, na kuku?” Tunacheka. Najua anasikia. Nilikuwa naegesha jeep kando ya barabara na kuzima injini, ili isinipunguzie hata pumzi moja ya kuita kwake.

Alifika kwenye daraja lililokatika ambalo sisi wote tulijua limekatika. Samaki, kitu kile kile kilichomzuia kuturudia, waliharibika hapo, naye akirudi harufu ilimtangulia mjini. Sikumhurumia.

Alidhani foni yake ni mbovu. Alinunua antena ndefu zaidi. Alimleta fundi wa kutoka Lubumbashi. Mwisho, yaya, akaja kwangu! Alisimamisha jeep mbele ya mlango, akashuka na ile tabasamu yake ya matanga.

“Kabwe, muntu yangu, weye njo ulijifunza kwa Ferdinand. Angalia ile foni. Haifanye.”

Nikaingia, nikawasha. Ilikuwa nzuri kuliko yangu. Nikashika mikro. “Mulongo, ni Kabwe hapa.”

“Nakusikia sana, mutoto yangu!” akajibu Mama Ngoie, papo hapo.

Nikampa patron mikro. “Jaribu, patron.”

“Mulongo, minyi Gaston.”

Hakuna. Akafinya tena. “Mama Ngoie! Ni minyi Gaston, niko hapa na Kabwe!” Hakuna. Nikachukua mikro mkononi mwake. “Mama, ungali hapo?”

“Niko,” akasema. “Nitaenda wapi?”

Nikamwambia patron, “Foni iko muzima. Ni weye njo hawakusikie.”

Alitazama mikro, akanitazama mimi. Uso wake ulishuka kama mtu aliyeulizwa jina lake akalisahau. “Ni juu ya Ferdinand?” akauliza. Tangu mazishi, hiyo njo mara ya kwanza nilimsikia akitaja hilo jina.

“Kifungo kilinata siku ile, patron. ‘Zima ile kintu.’ Minyi nilisikia, na Ferdinand alisikia, na Mulongo ilisikia.”

Alikaa kwenye kiti cha jeep yake, miguu nje, matope yakimpaka suruali. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, “Na minyi nikianguka kule porini, nikiita... mutanijibu?”

Nilikuwa na jibu, yaya. Mwalimu alikuwa amenipa jibu. Nikamtazama machoni, nikasema, “Sijui.”

Hilo neno nilimpa anunue usingizi nalo.

Halafu madereva wake wakaanza kumkimbia. Nani atapanda na mtu ambaye akipinduka hakuna sikio la kumsikia? Wa kwanza kuacha alikuwa yule yule aliyekuwa naye siku ile. Wengine wakafuata. Jeep zikalala uani. Bibi yake, nasikia, alimuuliza mbele ya wageni kama ni kweli, naye akatoka nje.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, nilikuwa nimeketi katika jeep mbele ya nyumba ya Mwalimu. Dirisha lake lilikuwa wazi, foni yake inalia, na yangu pia. Tukasikia sauti ya Gaston.

“Minyi Gaston. Sitaki munijibu. Munisikie tu.” Akapumua. “Siku ya Ferdinand, foni yangu haikukufa. Kabwe aliniita, nilisikia kila neno. Ni minyi nilisema tuende. Ni minyi nilisema bazime. Dereva alitaka kurudia, nilimukataza. Kisha nilibeba sanduku ya ule muntu, nikaongopea bibi yake. Njo vile ilikuwa.”

Hakuna aliyefinya kifungo. Kisha Mwalimu akasema, “Kamina imesikia, Gaston.” Na Mama Ngoie, sauti nzito: “Mulongo imesikia.” Wengine nao, mmoja mmoja.

“Na Kabwe?” akauliza. “Kabwe, unanisikia?”

Mikro ilikuwa mkononi mwangu. Alianza kulia, mtu mzima, hewani, mbele ya njia nzima. Kidole changu kilienda kwenye kifungo cha kuzima. Nikakiondoa. Sikuzima, yaya. Nilimsikiliza mpaka akachoka kulia. Halafu nikasema, “Haiko minyi wa kuambia. Wende Likasi. Umuambie bibi yake uso kwa uso.”

Njo sababu ya barua hii. Anakuja na treni. Atakuja na samaki wakavu na kitenge, namjua, na maneno mazuri ameyapanga. Nilitaka uyajue yote kutoka kwangu kabla hajafungua kinywa, asije akapunguza hapa na kuongeza pale. Ukiona anaruka mahali, mrudishe. Mwambie: “Sema na ile ya samaki.” Mwambie: “Sema vile ulinikumbatia.”

Kaka zetu usiwaambie siku ya kufika kwake. Si kwa kumhurumia. Mtu aliyekufa anapumzika, na mimi sitaki huyu apumzike. Nataka arudi Kamina akiwa hai, aamke kila asubuhi mahali ambapo kila mtu anajua.

Mchungaji wako atakuambia usamehe. Mwalimu naye ameniambia hivyo, na tangu Jumapili ameanza kumjibu bonjour. Ni mzee, ana moyo wake. Mimi nikisikia sauti ile nanyamaza, na sijaona siku nitakayoacha.

Nisalimie Mama, umwambie mwanawe wa mwisho anakula vizuri na amenenepa kidogo. Nisalimie kaka zetu wote wawili, na shangazi wa kwaya, na mama wa nyumba ya pili aliyewashika watoto wakati wa msiba. Mtoto wako wa mwisho mbusu kwenye paji la uso, umwambie baba yake alimtaja.

Na yule akifika mlangoni, uamuzi ni wako peke yako. Wewe njo mjane. Ukitaka kumfukuza, mfukuze. Ukitaka kumsamehe, msamehe, sitakuuliza kwa nini. Ila siku hiyo sema “nimekusamehe.” Usiseme “tumekusamehe.”

Mudogo wako,
Kabwe