Tangi la Mama Mkwe

Jumatatu, 7 Februari 1955

Nimerudi kutoka Mai Mahiu, mgongo umekufa. Siku mbili chini ya lori la tajiri, chasisi imekatika. Nafika karakana — tangi limekwisha! Owino amelimaliza peke yake. Amelipaka rangi ya fedha, linang'aa kama jipya la dukani. Nikamwuliza mshono aliuchomelea kwa stimu kiasi gani. Akacheka. Eti alifungulia mpaka mwisho, alitaka kuwahi mpira.

Mpira!

Owino ni rafiki yangu, lakini kile kichwa chake! Nimemwambia mpaka mdomo umekauka. Bati hili limevikwa ngozi ya zinki, ndiyo inayozuia kutu. Stimu ikiwa ndogo na mkono ukienda upesi, zinki inaungua kidogo tu, upana wa kidole kando ya mshono. Ukiwasha moto wote, inaruka yote, moshi mweupe juu, chuma uchi chini. Na rangi ya fedha si ngozi. Ni poda ya usoni tu.

Lingekuwa tangi la mteja ningenyamaza. Hili ni zawadi yangu kwa mamake Nasimiyu, mchumba wangu, kabla ya arusi.

Alhamisi, 10 Februari

Tangi limefika kwao, upande wa Kaptembwo, kwenye shamba ambako babake Nasimiyu, Mzee Nyongesa, ni nyapara. Mimi nilibaki barabarani. Kwetu Wabukusu, mimi na mama mkwe hatutazamani. Akiwa uani, mimi siingii. Owino na vijana wa shamba wakalibeba, wakaliweka juu ya mawe mlangoni pa jikoni. Mkokoteni wa ng'ombe ukalijaza maji ya kisima.

Nilisikia vigelegele kutoka kule barabarani. Vya mama mwenyewe, Nasimiyu anasema. Nikafurahi kama mtoto. Labda nina wasiwasi bure.

Jumapili, 13 Februari

Padre amesoma majina yetu mara ya pili. Hakuna aliyepinga. Bado tangazo moja, ndipo arusi.

Lakini upepo! Ziwa limekauka, vumbi la magadi, ile chumvi yake kali, limeingia mpaka kanisani, watu wanakohoa kuliko wanavyoimba. Mimi nikawa nawaza mshono wa Owino. Magadi juu ya chuma uchi, na maji ndani. Sala nzima sikuisikia.

Jumapili, 20 Februari

Padre hakusoma majina yetu.

Nikatoka nje nimeinamisha kichwa. Nasimiyu akanifuata karibu na ukuta, macho mekundu. Maji ya tangi yametoka kutu. Chai nyekundu. Ugali una rangi. Nguo za kanisa za mama zimefuliwa zikatoka na madoa, nyeupe zote! Mzee amemwendea padre, amesema hakuna tangazo la tatu mpaka tangi litoe maji safi. Nikauliza, na mama anasemaje? Anaketi na kuliangalia.

Huko kuliangalia ndiko kunakoniumiza zaidi.

Jumatatu, 21 Februari

Nimemwambia Owino. Akashika kichwa, pole ndugu yangu, pole sana. Halafu papo hapo — lakini mshono wangu hauvuji, ama unavuja?

Hauvuji! Ningempiga na nyundo.

Ijumaa, 11 Machi

Hatimaye tajiri ametupa lori na mashine ya kuchomelea ya injini. Nusu siku, kwa kununa. Tangi limemwagwa. Kazi: kukwangua kutu, kuweka kipande kipya cha bati, kuchomelea kwa stimu ndogo, kisha kusugua zinki juu ya mshono ukiwa bado moto. Ningeifanya nimefumba macho. Lakini Nasimiyu alimwomba mama aende kwa jirani kidogo ili niingie, na mama akakataa. Yeye atoke kwake kwa sababu ya bati?

Basi. Fundi mimi niko nje ya ua wa miiba ya kayaba, na Owino ndiye yuko ndani na moto.

Sikuweza kuona mshono, niliona moshi tu. Ukapanda mweupe, mzito. Nikapiga kelele, punguza stimu! Injini inanguruma, Owino amevaa kofia ya chuma, hasikii kitu. Nikarudia mpaka sauti ikakauka. Upepo ukaniletea moshi wote usoni.

Mara nikasikia mama, upande wa pili wa ua. Anaongea na mbuzi wake.

— Wewe mbuzi, huyo anayelia huko nje analilia nini?

Nikashtuka. Nikamjibu mbuzi. — Mbuzi, moshi ukiwa mweupe hivyo, kutu itarudi. Apunguze moto, mkono uende mbio.

Mbuzi akalia. Halafu nikasikia kofi, pa! Mgongoni kwa Owino. Na sauti ya mama juu ya injini, punguza moto, mkono mbio! Owino akapunguza. Moshi ukawa mwembamba. Tukaenda hivyo mpaka mwisho: mimi kwa mbuzi, mama kwa Owino. Hakukosea neno hata moja.

Jumamosi, 12 Machi

Homa ya moshi wa zinki. Natetemeka, mdomo una ladha ya senti. Owino aliyekuwa juu ya moto ni mzima kabisa! Anasema dawa ni maziwa. Maziwa niyatoe wapi?

Jioni Nasimiyu amekuja, hakuingia, amempa Owino chupa mbili mlangoni. Nilisikia yote kutoka kitandani. Maziwa ni ya mama. Amemwambia mbuzi, mtu mgonjwa hawezi kusimama kanisani. Chupa ya pili ni maji ya tangi, limejazwa tena leo. Mzee ameagiza ilale kwangu usiku huu. Kesho niiweke mkononi mwake kabla ya misa. Yakiwa bado meupe, padre atasoma tangazo la tatu.

Mama mkwe, maziwa! Nikageukia ukuta nisionekane ninavyotabasamu.

Nyuma yangu — glu, glu, glu.

Maziwa yako mezani, hayajaguswa. Chupa ya maji ni tupu. Owino anafuta mdomo. Eti alikuwa na kiu. Eti nisiogope, hayana ladha ya kutu hata kidogo.

Sina nguvu ya kumpiga. Kaptembwo ni mbali na jua linazama. Sasa anafunga viatu, anasema atakimbia akaombe maji mengine. Amwombe nani? Mbuzi?