Nyota Inayoyumba Kila Siku ya Nne

3 Machi

Wifi yangu wa mlimani,

Salamu nyingi kutoka huku bondeni. Hujambo? Kile kifua kimepona? Sisi wazima. Kaka yako amenenepa, na ameshikilia kwamba suruali zake zinasinyaa kwa sabuni ninayonunua mimi.

Naandika kwa sababu moyo hautulii. Zile tepu za darubini mnazoteremsha kila Jumatatu nimezisoma zote, miezi mitano. Kuna nyota moja inatujia kidogo, inarudi nyuma kidogo, kisha inatujia tena, kila baada ya siku nne na saa kadhaa. Kuna kitu kinaivuta. Nikipiga hesabu napata kitu kikubwa kama Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote za jua letu, lakini hiki kimeigandia nyota yake. Mwaka wake mzima ni siku nne, wifi! Utaridi yenyewe, iliyo karibu na jua kuliko zote, huchukua siku themanini na nane.

Profesa wa idara yetu amecheka mbele ya watu. "Jitu zima namna hiyo limekwenda kuota moto? Majitu hukaa mbali, kwenye baridi. Huo ni ubovu wa mtambo wa kupimia."

Fundi wa mtambo ni wewe. Nitumie nakala ya kitabu cha matengenezo. Kuna kitu mnachofanya kila siku ya nne?

Wifi yako wa bondeni

12 Machi

Wifi yangu,

Barua yako imenikuta mzima, kifua kimeniachia. Mwambie kaka yangu aiache sabuni ya watu.

Nakala ndiyo hiyo. Kila siku ya nne tunaujaza mtambo naitrojeni ya majimaji yenye baridi kali usije ukapata joto. Basi. Sina la kuongeza, kazi zimenizidi.

Wifi yako wa mlimani

19 Machi

Wifi,

Hujambo? Sisi tupo. Jibu lako limenimaliza. Profesa aliweka kitabu chako kando ya hesabu zangu akasema, "Akijaza, chuma kinasinyaa, vipimo vinahama. Sayari yako ni fundi na ndoo yake." Wakacheka tena. Amenipa hadi tarehe kumi Mei niiondoe makala ya sayari hii niliyoipeleka kwenye jarida kwa mkono wangu, la sivyo ataiondoa yeye.

Nimekaa na kitabu hicho siku tatu. Kinasema tarehe kumi na nne Januari ulijaza. Wifi, siku hiyo nilikuwa huko. Mvua ilikuwa imekata barabara, na ni wewe uliyenionyesha ghala, halina hata tone la naitrojeni. Ulijaza nini?

Siulizi kwa ugomvi. Nijibu.

Wifi yako

10 Aprili

Wifi,

U hali gani? Jumatatu tatu gari limeshuka bila neno lako. Kaka yako ananiuliza tumekosana nini, nakosa pa kuanzia. Kupiga siwezi, simu ya huko iko mezani kwa Mkurugenzi wenu na sitaki asikie. Kama umekasirika, niandikie hasira yako, lakini usininyamazie hivi.

Wifi yako

17 Aprili

Wifi yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa aibu. Barua hii nimeiandika na kuichana sijui mara ngapi.

Mwezi wa tisa mwaka jana spana iliniponyoka ikaangukia shingo ya tangi la naitrojeni. Valvu ikaanza kuvuja. Fundi aliyenitangulia alifukuzwa kwa kioo kidogo tu, nikaogopa kusema. Nikawa najaza kila nikiona joto linapanda, mara baada ya siku mbili, mara tatu, na ghala likikauka hata sita. Kitabuni nikaandika kila siku ya nne, kama sheria inavyotaka, asije mtu akauliza. Tarehe za kweli nilizitia alama nyuma ya kalenda ya ghalani nisichanganyikiwe. Nimeibandua ukutani; imo humu ndani ya bahasha.

Itumie. Ila nakuomba, usiseme imetoka wapi. Sina kazi nyingine, na kwa umri huu hakuna atakayenichukua.

Wifi yako

26 Aprili

Wifi,

Natumaini u mzima. Umenikera na umeniokoa, sijui nianze na lipi.

Nimelinganisha. Siku zako zimetawanyika ovyo, na nyota haina habari nazo. Siku nne na saa zake, siku nne na saa zake, hata majuma yale uliyojaza mara tatu. Si mtambo. Sayari ipo, wifi, ipo kweli! Kinachoipinga ni yale uliyoandika kitabuni tu.

Nilimpelekea Profesa. "Karatasi hii ya nani?" Nikamwambia siwezi kusema. "Karatasi isiyo na mwenyewe haina kazi mezani kwangu."

Sikukutaja na sitakutaja. Nimekasirika, sikufichi, miezi miwili nimekuwa kichekesho cha idara nzima. Lakini siwezi kukuuza. Tarehe kumi nitaiondoa makala, yaishe.

Wifi yako

5 Mei

Wifi yangu,

Hujambo? Usiondoe kitu.

Jana asubuhi nilikwenda kwa Mkurugenzi. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Akauliza, "Nani mwingine anajua?"

"Wifi yangu, na hatasema."

"Sasa wewe umekuja kwa nini?"

Nikamwambia, "Kwa sababu kitu kile cha angani kitaandikwa kwamba hakipo, na mimi nitabaki najua kipo."

Alinyoosha mkono, nikampa funguo. Nimesaini maelezo yangu pamoja na tarehe zote, na amempigia Profesa nikiwa hapo hapo. Nimeambiwa nishuke na gari la Jumatatu nikangoje uamuzi nyumbani. Barua hii nimempa mgeni anayeshuka leo. Mwambie kaka yangu anipokee stendi. Mweleze wewe kwanza. Mimi uso sina.

Wifi yako

21 Mei

Wifi yangu,

Popote ulipo, hujambo? Jumatatu ile kaka yako alifika stendi saa mbili kabla ya gari. Likaja, lakini wewe hukuwamo. Dereva anasema ulishuka njia panda na sanduku moja, ukamshukuru, ukasema utamalizia kwa miguu. Tumeuliza kwa ndugu wote. Kaka yako anakwenda stendi na kurudi.

Sikiliza yaliyotokea. Profesa alisoma maelezo yako mara mbili, hakucheka. Akaniambia, "Haya, tabiri." Nikaandika kwamba Alhamisi nyota itakuwa inatujia, Jumamosi itakuwa inarudi nyuma. Wakapima kwa darubini nyingine kabisa. Ikaja, ikarudi. Makala imepita.

Na Mkurugenzi hakukufukuza. Amekuandikia onyo, ameagiza valvu mpya, na anataka urudi kazini. Uamuzi ulifika hapa nyumbani Jumanne, siku moja tu baada ya wewe kushuka njia panda.

Watu wananipa mkono, mimi macho yako mlangoni. Niliandika kwamba nimekasirika, nikaishia hapo. Sikuandika kwamba nimekusamehe, na nilikuwa nimeshakusamehe. Hilo ni kosa langu, si lako.

Barua hii anayo dereva. Ameahidi kuitunza mfukoni mwa shati hadi akuone. Akikupa, usihangaike kujibu. Panda gari, njoo.

Wifi yako