Redio ya Kilambo Imenyamaza

Kilambo, Agosti 1975

Mwanangu Laurinda,

Huku mihogo imestawi. Barua hii naandika kwa mkono wangu. Mwalimu wa kisomo anasema nawashinda wazee wote, naye hasemi uongo.

Ukiimba redioni watu hujaa barazani kwangu. Nawaambia sauti hiyo ni yangu, Dar es Salaam wameazima tu. Kwetu wimbo usioitikiwa ni aibu, basi mimi nakuitikia kwa nguvu. Ussene, balozi wetu wa nyumba kumi, akacheka: "Mzee Jeronimo, redio haina masikio!" Nikamwambia, "Mwanangu anayo."

Mama yako alipatwa na kiharusi wakati wa masika, nami sikukuandikia. Hasemi neno, hata jina langu. Lakini ukianzisha wimbo redioni, anaitikia. Kila kiitikio, mwanangu, bila kukosea.

Sasa betri zimekwisha na duka la kijiji halina. Tangu hapo amenyamaza, anaitazama redio tu.

Usinitumie betri. Bendi yako itapata mtu wa kukushikia nafasi. Njoo uanzishe wimbo wewe, mama yako angali anaweza kuitikia.

Ni mimi baba yako, nisiyezoea kuomba,
Jeronimo