Magodoro ya Sufi Uliyoyapeleka Kwedizinga

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua sitasikia marahaba, lakini sijawahi kuanza kuzungumza nawe bila neno hilo na siwezi kuanza leo.

Kipupwe kimeingia hapa Mnyuzi. Ukungu unalala juu ya reli mpaka saa tatu asubuhi, na kanisani watu wanakaa wamejitanda khanga juu ya sweta. Jumapili iliyopita mchungaji aliniambia nisimame niwaeleze wageni huduma yetu ya kipupwe ilianzaje. Nilisema maneno machache nikakaa. Njiani kurudi nyumbani nikaona nimeyapunja mambo yenyewe, tena mtu niliyetaka kumwambia yote hakuwemo mle ndani. Ndiyo maana nakuandikia, na barua yenyewe siifungi. Anayetaka kuisoma na aisome.

Unakumbuka tulivyokuwa wachache? Majirani walikuwa wakituuliza, "Nyie Wapresbiteri ni Walutheri wa aina gani?" Wewe ukawajibu, "Wa aina ya wachache." Ulikuwa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mzee wa kanisa katika usharika wetu, na hukuwa mtu rahisi. Ulichelewa kila kikao. Uliimba sauti yako mwenyewe isiyo ya kwanza wala ya nne. Na ukishasema jambo, kulirudisha ilikuwa kazi.

Mwaka ule huduma ilipoanza ulikwenda Kwedizinga, kule Handeni, kwenye msiba wa upande wa baba. Ulirudi kimya, ukala bada yako, ule ugali wa muhogo, bila hadithi, na jioni ile ile ukaenda kwenye baraza la wazee. Mimi nilikuwa nje ya dirisha nikisubiri kukabidhi ratiba ya kwaya, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Ulisema kule umeona wazee wamelala kwenye mikeka, chini, katika baridi hii, na sisi huku matunda ya misufi yanapasuka na sufi inapeperuka barabarani. Ukataka akina mama washone magodoro.

Mzee Shemdoe, mwenyekiti wa baraza siku zile, akacheka kidogo. "Mama Rehema, Handeni nako kuna baridi? Wewe umezaliwa milimani, baridi unaijua."

"Baridi ya milimani ina jina, mzee," ulimjibu. "Kila mtu anajifunika. Ya Handeni haina jina, ndiyo maana inawakuta watu hawana kitu."

Hapo akaacha kucheka. Alisema kwetu wenyewe wapo wajane, na wale wa Kwedizinga wengi ni Waislamu, watatuelewaje? Wengi walikuwa upande wake. Ulipata ruhusa kwa shida, tena kwa mara moja tu, wajionee.

Na mimi nilikuwa upande wa Mzee Shemdoe, mama. Nilikuwa katibu wa kwaya, na Jumamosi uliyoitaka wewe ndiyo Jumamosi tuliyotegemea pikapu ya yule muumini mfanyabiashara wa mahindi itupeleke Tanga kuimba. Ukaichukua pikapu. Wiki nzima tulichambua sufi uani kwako, vichwa vyetu vimekuwa vyeupe kama vya vikongwe, watu wanapiga chafya, nami sikukusemesha. Siku ya safari nilipanda kwa sababu tu uliniambia, "Panda."

Nyumba nne za kwanza zilipokea vizuri. Ya tano ilikuwa ya Mzee Mhina. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya mlango, kofia kichwani, akimenya mihogo. Ulimwamkia, ukamweleza. Aliliangalia godoro, akakuangalia wewe.

"Chukueni," alisema. "Leo mnaleta godoro, kesho mtakuja kuniambia nibatizwe."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikakunong'oneza, "Mama, si umesikia? Twende."

Hukukasirika, wewe uliyekasirikia hata kuku. Ukamwambia, "Sawa, mzee. Lakini nitarudi kukusalimia," na godoro tukalirudisha garini.

Wiki mbili baadaye ulirudi kweli, kwa basi, mikono mitupu. Ulinisimulia kwamba alikupa kigoda, mkaongea habari za mihogo inayooza shambani, na dini haikutajwa hata kidogo. Mwezi uliofuata, bila wewe kuomba ruhusa nyingine, tulikwenda tena na pikapu, godoro lile lile nyuma pamoja na mengine matatu. Safari hii hakukuwa na mtu mlangoni. Tulipobisha, tukasikia kikohozi ndani. Mzee Mhina akatoka, uso umemshuka.

"Nani anakohoa?" ukamuuliza.

"Mama watoto. Tangu Jumatatu."

"Mzee, niruhusu nimwone mwenzangu."

Aligeuka akatazama ndani kwa mkewe. Kisha akasogea. "Pita."

Nilikufuata. Bibi Mwanaidi alikuwa mkekani kwenye sakafu ya udongo, amefunikwa shuka moja, anavuta pumzi fupi fupi. Uligusa paji la uso wake, ukaweka sikio mgongoni mwake, ukatoka.

"Huyu ni wa hospitali, mzee, na ni leo."

Nikamwona anapigana na nafsi yake. Akauliza kwa sauti ya chini, "Huko njiani mtamwombea dua zenu?"

Mama, mtu mwingine angesema hapana ili mambo yaishe. Wewe ulimtazama machoni. "Nitamwombea moyoni. Hilo sitakudanganya. Wewe mwombee kwa sauti. Gari lina nafasi."

Tukamlaza Bibi Mwanaidi juu ya godoro la sufi nyuma ya pikapu. Mzee Mhina akapanda, akakishika kichwa cha mkewe, akaomba njia nzima kwa sauti. Wewe ulikaa upande wa miguu, umemkinga upepo kwa mgongo wako, midomo imefungwa. Mimi nilikuwa mbele na dereva, nikiwatazama kupitia kioo cha nyuma. Kwaya na Tanga yake vilinitoka kichwani. Nilikuwa naomba na mimi, sijui kwa namna gani.

Daktari alisema ni homa ya mapafu, na kwamba angecheleweshwa kidogo tu tungemkosa. Ulibaki wodini siku sita ukimwogesha na kumnywesha uji, kwa kuwa binti yao, Zuhura, alikuwa ameolewa mbali na ilimchukua siku kadhaa kufika. Jumapili uliyopangiwa kuongoza maombi kanisani hukuonekana, na wapo waliosema mzee wa kanisa gani huyu anayeacha zamu yake. Ulipoambiwa, ulisema tu, "Mgonjwa amekula leo."

Kipupwe kilichofuata ndicho ninachopenda kukisimulia. Tuko katikati ya ibada, mlango ukafunguka, akaingia Mzee Mhina na kanzu yake ya Ijumaa, na nyuma yake mtu amebeba magunia mawili. Mchungaji akamwashiria aseme. Mzee akasema, "Samahanini. Namtafuta Mama Rehema. Hii ni sufi ya misufi yangu, imeshachambuliwa." Ulinyanyuka kutoka kiti cha wazee, ukapita katikati ya kanisa lote, ukampokea kwa mikono miwili. Mzee Shemdoe ndiye aliyeanza kupiga makofi. Hakuna aliyeuliza tena kama ruhusa ilikuwa ya mara moja.

Siku tuliyokuzika, mama, lilikuja basi zima kutoka Kwedizinga. Mzee Mhina aliomba kutupia udongo, akatupia. Kisha Mzee Shemdoe akasogea kaburini na fimbo yake, akasema mbele ya watu wote, "Mimi nilimpinga huyu mama. Nalisema hapa watoto wasikie, kwamba nilimpinga na alikuwa sahihi." Nimesikia mahubiri mengi maishani mwangu. Hayo ya Mzee Shemdoe ndiyo ninayoyakumbuka neno kwa neno.

Sasa sikiliza ya mwaka huu. Wanachama wa huduma yetu si Wapresbiteri peke yao. Akina mama wa Kwedizinga wanashona nasi, Zuhura akiwaongoza, na mkono wake kwenye cherehani ni mwepesi kuliko wa mtu yeyote wa kwetu. Mwezi huu tumekwenda pamoja Mazinde, kwenye kambi ya zamani ya wakata mkonge, ambako wamebaki wazee wasio na ndugu wala mji wa kurudi. Mmoja, jicho moja limeharibiwa na mwiba wa mkonge, alituuliza, "Mnataka nini kwangu?"

Nilikuwa natafuta maneno ya busara. Zuhura akaniwahi. Alilikunjua godoro, akalipigapiga, akamwambia, "Baba, hebu lala tuone kama miguu inafika."

Yule mzee akalala. Miguu ilifika. Akafumba macho, akacheka peke yake kama mtoto, na sisi tukacheka naye. Mimi nikageukia ukuta, maana machozi yalinishinda. Hayakuwa ya huzuni.

Wameniomba niwe mzee wa kanisa, katika kiti chako. Nimekubali. Naliandika hilo kwa haya, kwa sababu najua nilikuwa nani siku ile niliyokunong'oneza tuondoke. Miaka yote uliyoishi nilikupikia, nilikufulia, nilikusindikiza, lakini sikuwahi kufungua kinywa nikwambie kwamba nakuonea fahari. Nilidhani mambo hayo mtu na mama yake hawaambiani. Kumbe yanasemwa. Naona fahari kuwa mwanao, mama. Nitembeapo Korogwe mtu akaniuliza mimi ni wa nani, nalitaja jina lako polepole ili alisikie lote.

Alfajiri tunaondoka tena na magodoro. Acha nikalale.

Binti yako uliyemwambia panda, akapanda,
Rehema