Sauti Ndani ya Kompyuta

Mke wangu mdogo, mjukuu wangu wa huko mbali,

Meno yamebaki manne, kwingine salama. Darasa la kompyuta la watu wazima bado nahudhuria; mwalimu, mtoto wa juzi tu, ananiita "kijana". Nimeandika programu: kila asubuhi kompyuta inamwambia bibi yako, kwa sauti yangu, "Kipenzi, kunywa dawa." Darasa zima lilinipigia makofi.

Bibi anacheka, anakunywa. Ila kusahau kumezidi. Mimi ananiona fundi aliyeileta kompyuta. Juzi nilimshika mkono, akanikemea: "Niache, fundi! Mume wangu anaongea."

Jana nikaizima, ili anione mimi. Akalia mpaka jioni: "Mume wangu kaenda wapi?"

Leo nimeiwasha tena.

Babu yako, nimekwama.