Nimetupa mzigo wa mjukuu wangu

Shoga, uko hapo? Nimeharibu. Nimeharibu kabisa.

Si unajua mjukuu wangu, tangu mama yake ahame naye, simu hapokei, mpaka nimfuate kwenye ule mchezo wake wa mtandaoni? Leo kaniambia, "Bibi, begi langu limejaa, nishikie hivi vitu." Akaenda kupigana na jitu.

Nikafungua begi langu nione alichonipa. Shoga, mifupa! Manyoya! Kucha za popo! Mimi ninayefagia mpaka uwanja wa jirani, nitembee na uchafu ule? Nikaona alama ya pipa la taka. Kitufe cha kwanza nilichokielewa bila kufundishwa! Nikatupa kimoja kimoja, begi likabaki jeupe.

Akarudi. "Bibi, viko wapi?"

"Nimekusafishia, mwanangu."

Halafu akaandika, "Bibi, nimevikusanya miezi mitatu."

Miezi mitatu, shoga!

Nikatafuta kitufe cha kupiga magoti, nimwombe radhi. Vitufe vyenyewe vimejazana kama nzi kwenye kidonda. Nikabonyeza kimoja, mtu wangu wa mle mchezoni akaanza kucheza ngoma. Mbele ya mtoto! Yeye anakata kiuno, mimi huku nalia.

Akaandika, "Basi, bibi. Usije tena." Akatoweka, na jina lake likafifia.

Usije tena. Kaniambia mimi.

Nimepiga simu mara nne, hapokei. Na yule mtu wangu bado anakata kiuno peke yake porini, kitufe cha kumsimamisha sikijui.