Siku Uliposimama Sebuleni Kudai Nifukuzwe

Nadège, binti yangu mpendwa,

Tangu nikusindikize kituo cha Gare du Midi ukapanda treni ya Luxembourg, nyumba hii ya Schaerbeek imekuwa kubwa ghafla. Najua hauko mbali. Tunapigiana simu kila Jumapili. Lakini kwenye simu mimi huuliza umekula nini, nawe huuliza kama goti bado linaniuma, halafu tunaagana. Ninalotaka kukuambia halijapata nafasi. Basi nimeamua kuliandika, na kuliandika wazi, kwa sababu parokiani kwetu wako akina mama wengi wenye watoto kama wewe. Ningependa nao wasikie.

Ni juu ya ile kesi.

Unakumbuka ulivyoingia, hata koti hukuvua? Chuo kilikuwa kimewachagua wewe na wenzako Lotte na Emre kwenda kwenye mashindano ya mahakama ya mfano ya sheria za Ulaya. Ulinieleza kwamba mnapewa kesi ya kutungwa, mnaisoma kwa miezi, kisha mnasimama mbele ya majaji kama mawakili kamili, mmoja wenu upande huu na mwingine upande ule. Nilipiga kigelegele mpaka jirani wa juu akagonga sakafu yake. Wewe hukucheka.

"Maman, kesi yenyewe ni ya mama mumoja," ulisema. "Hana papiers za kukaa hapa. Mutoto wake ni Mubelgiji. Serikali inataka kumufukuza."

Niliacha mwiko ndani ya sufuria ya sombe. Mama huyo wa kutungwa alikuwa mimi. Ulikuwa na miaka sita baba yako alipofariki, na haukupita muda mrefu nikapewa amri ya kuondoka nchini. Wewe ulikuwa Mbelgiji kwa upande wake. Mimi sikuwa kitu. Tuliishi na hofu ile mpaka ulipofika darasa la nne, ndipo nikapewa kibali.

"Bon," nikasema, "basi utamutetea kuliko wote."

"Hapana, maman. Tumeokota vikaratasi vya kura. Lotte njo atatetea mama. Miye nimeangukia serikali." Ukaketi. "Nitamwambia profesa abadilishe. Sitaweza."

Nilikukatalia. Nilikuambia, "Siku moja utakuwa na mama wa kweli mbele yako. Utamusaidia namna gani, kama haujui wale wengine watasema nini?" Kwa profesa hukwenda.

Majira yale ya baridi meza yetu ya chakula haikuwa yetu tena. Kila Jumapili baada ya misa, Lotte na Emre walikuja, na karatasi zikafika hadi juu ya kochi. Lotte, Mflamandi wa watu, alijifunza kula bukari, ugali wetu, kwa mkono akazidi hata wajomba zako. Emre alileta mikate ya duka la baba yake, akala mingi mwenyewe. Ndiye aliyekuwa akijifanya jaji, na alikuwa jaji mkali.

Hukuwa ukifanya vizuri. Kila ulipofika kwenye hoja za serikali, sauti ilishuka. Lotte akakwambia kwa upole, "Unasema kama mtu anayeomba radhi."

Nilivuta kiti nikakiweka katikati ya sebule, nikakaa. "Nadège, angalia huku. Fanya miye njo ule mama. Sema."

Macho yako yalijaa machozi. Emre alitaka tuache, nikamwonyesha kidole anyamaze. Na wewe, mwanangu, ulipangusa uso, ukasimama wima, ukaanza. Hukuniita mwongo, kama nilivyowahi kuitwa. Ulisema kila nchi ina haki ya kuweka masharti. Ulisema kwamba kuwa mzazi peke yake hakutoshi, lazima ionekane kwamba mtoto anamtegemea mzazi huyo kweli. Yale yale niliyokwisha kuyasikia.

Ndipo Emre, akikuita kwa cheo cha wakili, akauliza, "Maître, mama akiondoka, nani ataondoka naye?"

Ulinitazama. "Mtoto," ukajibu. "Serikali haiwezi kulificha hilo. Ikisema yupo mtu mwingine hapa wa kumlea, ithibitishe. Ikishindwa, imeshindwa kesi."

"Wakili wa serikali hawezi kusema hivyo!" Emre akaruka.

"Anaweza," Lotte akasema. "Ndilo litakalowafanya majaji waamini mengine yote."

Nilikwenda jikoni nikafungua bomba la maji ili msinisikie. Miaka yote ile, hakuna mtu wa upande ule aliyewahi kusema mbele yangu kwamba wewe ulikuwepo. Wewe ndiye uliyelisema.

Siku ya mashindano nilibadilishana zamu na mwenzangu hospitalini Jette, nikakaa nyuma kabisa ya ukumbi. Jaji mmoja, mama wa makamo mwenye miwani, alikukatiza: "Maître, wewe mwenyewe unayaamini haya?"

"Mheshimiwa Jaji," ukasema, na sauti haikushuka, "sikuletwa hapa kusema ninachoamini. Nimeletwa kusema sheria inaruhusu mpaka wapi, na inakoma wapi."

Kombe hamkulichukua, mlikuwa wa pili. Lakini walipotaja mtetezi bora na jina lako likasomwa, nilisimama nikapiga kigelegele katikati ya watu wale wenye suti, na sikuona haya. Baadaye ulimvuta yule jaji mpaka nilipokuwa. "Huyu ni mama yangu," ulimwambia. "Ndiye niliyekuwa namfukuza." Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

Sasa uko huko Luxembourg unajifunza kazi ya uwakili, na mimi nawachosha wagonjwa wangu kwa habari zako. Najivuna, Nadège, na sitaki kujizuia. Ukija Jumamosi utamkuta hapa dada mmoja kutoka Likasi, kule kwetu, na mtoto wake mchanga. Amri ya kuondoka imemfikia. Jana aliniuliza, "Maman, huyo binti yako ni avocat, wakili wa kweli?"

Nikamjibu, "Bado. Lakini miye ningemupa kesi yangu."

Vaa skafu, na ule vizuri mpaka tuonane.

Ni mimi niliyebaki nawe,
Mama yako